Mimi ni wa Bonham
Jana usiku nilirudia tena albamu ya nne ya Led Zeppelin, bendi ya roki ya Uingereza, ile ya 1971 isiyo na jina kwenye jalada. Jamani, zile ngoma za wimbo wa mwisho! Walimweka mpiga ngoma wao, John Bonham, chini kwenye ukumbi wa ngazi, ndani ya nyumba ya zamani iitwayo Headley Grange huko Uingereza, maikrofoni zikaning'inizwa juu. Ndiyo maana kila pigo linakuja na mwangwi wake, zito, kama mtu anagonga lango la ngome. Vaa hedifoni, zima taa, utanielewa.

Jimmy Page na gitaa lake namheshimu, Robert Plant na sauti yake pia. John Paul Jones ndiye watu wanamsahau bila sababu (besi na kinanda vyote yeye!). Ila mimi ni wa Bonham. Alipofariki Septemba 1980, wenzake hawakutafuta mpigaji mwingine, waliivunja bendi. Na walipopiga tena London mwaka 2007, kwenye ngoma alikaa Jason, mwanawe. Nikiangalia video ya siku ile macho yangu yako kwake tu, wengine wanisamehe.