Jinsi nilivyoyapata maisha ya Mwalimu, babu yangu

Kama unataka kuandika maisha ya mzee wa kwenu, usianze na tarehe ya kuzaliwa. Mimi nilianza nayo kwa sababu kila niliyemwomba ushauri hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, aliniambia hivyo, na nikapoteza karibu miezi miwili.

Babu yangu alifundisha shule ya msingi zaidi ya miaka 40, upande wa Walungu. Kanisani alikuwa mzee wa kanisa, akashika daftari la sadaka, mwisho akawa kiongozi wa kanisa la pale. Zamani za misheni kazi hizo mbili hazikuwa na majina mawili: aliyefundisha watoto kusoma asubuhi ndiye aliyeongoza maombi jioni, na wote walimwita Mwalimu. Bibi anamwita Mwalimu, na sisi wajukuu pia. Mwaka 2019 kanisa lilitaka kumfanyia ibada ya shukrani akiwa hai, nikapewa kazi ya kuandika historia yake isomwe siku hiyo. Nilikubali kwa moyo wote. Nimesikia mara nyingi maisha ya watu yakisomwa mbio mbio mbele ya jeneza, nusu yake makosa, na mwenyewe hawezi tena kusahihisha.

Rafiki yangu anayefanya kazi katika shirika la misaada alinipa fomu ya maswali, kurasa sita, akasema hiyo ndiyo njia ya kisasa. Nikaenda nayo. Babu aliketi kwenye kiti chake cha mbao, mikono juu ya fimbo, nikaanza kusoma. Ulizaliwa lini? Akajibu kwamba kadi yake inasema tarehe 1 Januari 1941. Nikamwambia, ndiyo Mwalimu, lakini ulizaliwa lini kweli? Akasema mama yake alimwambia ni wakati wa kupalilia maharagwe. Ulianza kazi mwaka gani? Akafikiri, akasema mwaka ambao paa la shule lilikuwa bado la majani. Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena. Tulipofika swali la tisa aliinua mkono kama anavyofanya darasani, akaniuliza kwa upole: “Mwanangu, karatasi hii inaenda wapi? Kama ni msaada, kuna wajane hapa chini wanaostahili kuliko mimi.” Nilifunga fomu ile siku hiyo na sijaifungua tena. Sauti niliyorekodi kwa simu nayo haikufaa, kwa sababu tulikaa nje na upepo ulikuwa mwingi. Rekodi ndani ya nyumba, asubuhi, kabla wageni hawajaanza kupita.

Ushauri mwingine ulikuwa niende kwenye ofisi fulani nikaombe faili lake la kazi. Nilienda mara tatu, kila mara nikitoa kidogo “cha kutafutia”. Faili halikuonekana. Liliniuma sana jambo hilo, mtu aliyesimama mbele ya ubao miaka yote hiyo, na hakuna karatasi hata moja inayomjua.

Aliyefungua njia ni bibi. Siku hiyo alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo, akasikia nikilalamika, akasema bila kuinua macho: “Sanduku lipo. Mbona hujaliuliza?”

Sanduku la bati lilikuwa chini ya kitanda chao. Oktoba 1996, vita vilipokaribia, kabla ya kukimbilia milimani bibi na shangazi walilifunga kwa turubai wakalizika katikati ya migomba, usiku. Waliporudi, nyumba ilikuwa haina hata sufuria, lakini sanduku lilikuwa palepale. Ndani yake nilikuta rejista 23 za majina ya wanafunzi na madaftari 7 ya sadaka. Mchwa walikuwa wamekula pembe na karibu majalada yote, kwa hiyo miaka ilikuwa imeliwa pia. Ilibaki “Darasa la 4”, “Jumapili ya tatu”, na mwandiko wa babu, umesimama wima kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba.

Hapa ndipo nilipopata njia yangu mwenyewe, na ninaisimulia kwa furaha kwa sababu hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa naangalia daftari moja la sadaka, nikaona hesabu inaandikwa kwa faranga, ukurasa baada ya ukurasa, halafu ghafla, katikati ya mwezi, zinaanza zaire na makuta. Nikakumbuka: zaire, pesa iliyochukua nafasi ya faranga, ilianza mwaka 1967, moja kwa faranga 1000. Basi ukurasa ule una mwaka! Nikafungua daftari jingine. Sadaka ya Jumapili moja ilikuwa imefika mamilioni, sifuri zimejaa mstari mzima, nikajua ni mwanzo wa miaka ya 1990, pesa ilipokuwa haina nguvu tena. Baadaye tarakimu zinashuka ghafla: ni zaire mpya ya 1993, iliyofuta mamilioni matatu ya zamani ikayafanya moja. Mwishoni kabisa faranga zinarudi, 1998. Madaftari yote saba nikayapanga sakafuni kwa kufuata pesa tu.

Rejista za shule hazikuwa na pesa. Hizo nilizipanga kwa sahihi. Kila mwisho wa wiki babu alitia sahihi chini ya ukurasa. Katika rejista za zamani ametumia jina lake la ubatizo. Mwanzoni mwa 1972 serikali ya rais Mobutu ilikataza majina ya Kikristo, na sahihi inabadilika kuwa jina la mababu peke yake. Lakini tazama karibu, niliazima miwani ya bibi ili nione vizuri: kabla ya jina kuna alama ndogo, kama mkia wa herufi. Ni herufi ya kwanza ya jina la ubatizo, ameiandika ndogo sana na kuiunganisha na ile inayofuata. Aliifanya hivyo kila wiki, miaka 18. Mwaka 1990, amri zile zilipolegea, jina zima linarudi. Nilipomwonyesha, alicheka taratibu, akasema mkaguzi mmoja aliwahi kuigusa alama ile kwa kidole na kuuliza ni nini. “Nilimwambia kalamu yangu inavuja.”

Tangu siku hiyo sikuuliza tena mwaka wowote. Nilikuwa naweka rejista mapajani mwake, nasoma jina la mtoto, na yeye anaendelea. Nenda na sukari na sabuni, kaa, soma jina, nyamaza. Piga picha kurasa hapohapo, usiombe kuondoka na daftari. Gharama yangu yote, pikipiki, kopi na vitu vya kupeleka, sidhani ilipita dola 50.

Katika rejista moja ya katikati ya miaka ya 1970 neno “Dini” limekatwa kwa rula kwenye ratiba, mstari umenyooka kabisa. Serikali ilikuwa imezichukua shule za makanisa na kuondoa somo la dini. Zilirudishwa mwaka 1977. Nikamuuliza alifanya nini. Akasema saa ya shamba la shule ilikuwa haijakatwa. Waliimba nyimbo za kanisa wakilima, mstari baada ya mstari, na kati ya wimbo na wimbo aliwasimulia habari za Yusufu na ndugu zake. Matuta ya mwaka ule yalikuwa marefu kuliko ya miaka mingine, alisema.

Hata tarehe ya kuzaliwa ilijileta yenyewe. Alikuwa anasimulia kwamba akiwa darasa la tatu, mwalimu wake alinunua viatu, kwa sababu shule za Waprotestanti zilianza kupata pesa za serikali. Hiyo ni 1948. Basi alizaliwa karibu 1938, na kadi yake imemnyang'anya miaka mitatu.

Nilipomaliza kurasa nne nilimpelekea. Akaomba kalamu nyekundu. Nilipoandika “alijenga shule” alikata, akaandika “tulijenga”. Akasahihisha koma zangu. Halafu akauliza: “Na wale wenye duara wako wapi?”

Nilikuwa nimeyaona majina yenye duara katika rejista za miaka ya 1990 nikadhani ni watoro. Tangu miaka hiyo wazazi ndio waliowalipa walimu, na mtoto asiyeleta alirudishwa nyumbani. Babu alipokea maharagwe, alipokea kuku, pembeni ameandika “ndizi, mkungu 1”, lakini wengine hawakuwa na chochote, na mkurugenzi wa shule aliwafukuza mbele ya macho yake. Kila aliyeondoka hivyo, babu alimzungushia duara. Septemba 2019, mwaka uleule wa ibada, serikali ilikuwa imetangaza kwamba shule ya msingi ni bure. Babu alikuwa ameisikia habari hiyo redioni, na tangu hapo watoto wale hawakumtoka moyoni. Akasema bila majina yao hiyo si historia yake.

Majina yalikuwa 31. Mchungaji aliniomba niyapunguze, ibada ingekuwa ndefu mno. Nilikataa, na sijutii. Siku ya ibada niliyasoma yote, polepole, kama yanavyosomwa asubuhi darasani. Kwenye jina la saba, upande wa akina mama, mwanamke mwenye mtoto mgongoni alisimama. “Nipo, Mwalimu.” Wengine wanne walisimama baada yake. Babu alikuwa na kalamu mfukoni. Aliitoa, akawawekea alama ya kuhudhuria.