Siku moja maishani mwangu: mpiga picha wa harusi mwenye kamera ndogo

Saa kumi na moja alfajiri. Kabla ya kunawa uso nahesabu betri. Ziko sita, zote zimejaa, na kila moja nimeibandika namba ili usiku, macho yakiwa mazito, nisichanganye iliyokwisha na iliyo nzima. Wengi hudhani kazi ya mpiga picha za harusi huanza maharusi wakiingia. Yangu huanza na betri. Kamera yangu haina kile kioo cha ndani kinachorusha mwanga hadi kwenye jicho la mpigaji, hivyo ninachokiona nikichungulia ni skrini ndogo inayowaka muda wote, nipige nisipige, na inakula umeme. Betri moja hunipa picha kama 350. Harusi nzima napiga karibu 2,000.

Saa kumi na mbili mkoba uko tayari: bodi mbili (kamera zenyewe, bila lenzi), lenzi nne, flashi, kadi. Bodi moja, betri na kadi zikiwa ndani, ina gramu 404. Enzi za DSLR, kamera kubwa zenye kile kioo, nilikuwa naamka siku ya pili ya harusi nikishindwa kuinua mkono wa kulia kuchana nywele. Nabeba bodi mbili kwa sababu kila moja ina nafasi ya kadi moja tu, na kadi ikifa, kilichomo kimekwenda nayo. Pete haivishwi mara mbili. Nyakati za namna hiyo nazipiga kwa bodi zote.

Saa mbili asubuhi niko chumba cha bibi harusi, chumba chembamba chenye watu tisa na dirisha moja. Hapa naipenda kamera hii kwa moyo wote. Nikizungusha gurudumu la mwanga naona picha ikififia au kung'aa kabla sijabonyeza, kwa hiyo gauni jeupe mbele ya dirisha halipotei kuwa weupe mtupu. Pete nimezipiga kwa lenzi ya milimita 50 ya zama za filamu, ya kuzungusha kwa mkono. Kwenye kamera hii, kutoka pale lenzi inapofungwa hadi sensa, kile kipande kinachopokea picha, ni milimita 18 tu, wakati kamera za zamani zenye kioo zilihitaji zaidi ya 40, hivyo pete ya kuunganishia lenzi na bodi inapata nafasi na lenzi kuukuu inapata uhai mpya. Naikuza picha papo hapo ninapochungulia, nakamata fokasi kwenye ukingo wa dhahabu, nabonyeza.

Saa nne ndoa inafungwa. Nazima kabisa mlio wa shata, lile pazia linalofunguka na kufunga picha inapopigwa. Nasimama hatua mbili kutoka kwa maharusi wanapoapa, na hakuna anayegeuka kuniangalia.

Saa saba tunatoka nje kwa picha za familia, na hapo ndipo siku iliponipata.

"Binti, mpiga picha yuko wapi?" Ni baba mdogo wa bibi harusi, na kamera iko mkononi mwangu.

"Shikamoo, mzee. Ni mimi."

"Marahaba. Namuuliza mwenyewe, si msaidizi."

Nikarudia kwamba ni mimi. Akaitazama kamera, akanitazama, akasema hicho ni kidude cha kwendea matembezini. Akanionyesha kijana mmoja, mgeni mwalikwa, aliyekuwa na DSLR kubwa kifuani. "Yule ana mashine. Sisi tumelipa, tunataka kazi ionekane."

Nilimweleza kwa adabu, maana swali lake nalisikia kila wiki na si yeye wa kwanza. Kamera ya kijana yule naijua: sensa yake ni takriban milimita 23.5 kwa 15.6, sawasawa na yangu. Ukubwa anaouona ni nyumba ya kile kioo na vioo vya pembe vilivyo juu yake. Kamera za aina yangu zilianza kuuzwa mwaka 2008, Panasonic G1 ikitangulia, na mwaka 2018 Canon na Nikon nao walitoa zao zenye sensa kubwa zaidi, ya fremu kamili. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Basi angalau weka lenzi ndefu."

Watu arobaini walikuwa wamesimama juani na upepo ulikuwa unavuma. Kwenye DSLR ukitoa lenzi, sensa imejificha nyuma ya kioo na pazia la shata. Yangu inabaki wazi, uchi, inatazama dunia. Desturi yangu ni kuupa upepo mgongo, kuinamisha bodi chini na kubadilisha ndani ya mkoba, taratibu. Lakini mzee alikuwa begani kwangu: "Haraka, binti, watu wanachoka." Nikabadilisha pale pale.

Kisha akaanza kuwapanga watu yeye mwenyewe. Kwanza kwa kimo. Halafu kwa ukoo. Halafu akakumbuka shangazi aliyekuwa ndani, akaitwa, na safu ikavunjika tena. Kila mara yeye akirudi katikati. Ile lenzi ndefu ni nzito kuliko bodi, na mshiko wa bodi ni mfupi kiasi kwamba kidole changu cha mwisho kinaning'inia hewani, uzito wote ukikaa kwenye kifundo cha mkono. Dakika ya thelathini na kitu mkono ulikuwa unatetemeka. Na hapo hapo, safu imetulia kwa mara ya kwanza, betri namba tatu ikazima. Kubadilisha kulichukua sekunde kumi.

"Mnaona?" mzee akawaambia watu.

Sikujibu. Alikuwa na haki kwa hilo la betri, na sikutaka kutafuta maneno ya kulifunika.

Baada ya hapo saa sikuiangalia tena. Ukumbini kulikuwa na giza na taa za LED za rangi. Shata ya kimya haifai mbele ya taa hizo: sensa inasoma picha mstari kwa mstari huku taa inapepesa, na picha inatoka na michirizi. Nikarudi kwenye shata ya kawaida yenye mlio. Nilipowasha flashi ilibidi niondoe ule uwezo wa kuona mwanga kabla ya kupiga, la sivyo nachungulia weusi mtupu. Hata hivyo, gizani ninachokiona kina chembechembe na kinachelewa nyuma ya mwendo wa watu, kwa hiyo mchezaji akiruka nabonyeza kwa kukisia. Vitufe ni vidogo. Kwa vidole vyenye jasho nimebonyeza cha video mara mbili bila kukusudia. Lakini nukta 425 za fokasi zimetapakaa karibu fremu nzima, na bibi harusi alipomkumbatia mama yake pembeni kabisa mwa picha, nilimpata bila kuhamisha kamera.

Niliketi mara moja tu, kubadilisha betri ya tano.

Nyumbani ni saa saba usiku. Nanakili kadi kwenye diski mbili kabla ya kuvua viatu, ndipo nafungua picha. Za ukumbini, nilizopiga kwa f/1.8, tundu la lenzi likiwa wazi sana, ni safi. Za familia nilizipiga kwa f/11, tundu likiwa dogo, ili safu zote ziwe kali, na kwa f/11 vumbi la kwenye sensa halijifichi. Doa la kijivu, angani, pale pale katika kila picha tangu nilipobadilisha lenzi. Picha 112. Naziondolea moja moja. Doa liko juu kidogo ya kichwa cha baba mdogo, ambaye kwenye zote amesimama katikati, amenyooka, na ametoka vizuri sana.