ID.4 au Atto 3? Mbona nilikataa betri kubwa

Kama kuna ushauri wa kununua gari ya umeme umenichosha ni huu wa "chukua yenye betri kubwa". Shemeji kaniambia, fundi wa mtaani kaniambia, jamaa wa yadi ndio usiseme. Na wote hao hakuna hata mmoja aliyeniuliza nakaa wapi, gari italala wapi, na Mombasa nashuka lini. Mimi nakaa Kitengela, kazi iko town Nairobi, kwenda na kurudi ni kilomita sitini na kitu pamoja na foleni yake. Mombasa ni kwetu, ndiyo, lakini nashuka Idi na likizo za watoto, basi.

Nikachuja mpaka zikabaki mbili: Volkswagen ID.4 ile ya betri ya kWh 77, na BYD Atto 3 ya kWh 60 (kWh moja ndiyo yuniti moja ya stima). Zote mtumba wa Uingereza, zote chini ya ile miaka 8 ya sheria ya kuagiza magari, na zikishalipiwa ushuru bei zake zilikuwa zinakimbizana, tofauti laki mbili tatu hivi.

Na kwa nini Uingereza, maana sisi tumezoea Japan? Kwa sababu ya tundu la kuchajia jamani, hili watu hawaliangalii kabisa. Gari nyingi za umeme zilizouzwa soko la Japan zinakuja na tundu aina ya CHAdeMO, hata hizi hizi ID.4 na Atto 3 za kule. Zilizouzwa ndani ya China zina GB/T yao, na usukani uko kushoto, kwa hivyo Kenya hapa hiyo sahau. ID.4 na Atto 3 za Uingereza zina CCS2, na chaja nyingi za kulipia nilizopita nikikagua ni CCS2. Kuna broka aliniletea picha za ID.4 safi, bei tamu mpaka unashtuka, nikamwambia fungua kifuniko unipigie picha tundu. Akaniuliza, "Boss, tundu lina nini tena?" Tundu ndio gari! Picha ilipokuja, CHAdeMO. Nikamshukuru, nikaendelea na safari yangu.

Sasa nije kwenye kitu ninachojivunia, kupima betri. Muuzaji akikwambia "betri iko 97%" muulize kapima na nini, utaona macho yanaenda dirishani. Hesabu yenyewe si ngumu. ID.4 ukiichaji kutoka 20% mpaka 80% umejaza sehemu sita kwa kumi ya 77, yaani kama yuniti 46, na ukichaji na ile chaja ya kuchomeka ukutani ongeza kama kumi kwa mia zinazopotea njiani, kwa hivyo mita lazima isome hamsini au hamsini na moja. Ikisoma arobaini, betri imekwisha kuliwa. Basi nikaenda yadi, nikasoma mita ya tokeni, tukachomeka, nikarudi kesho yake (chaja ndogo hiyo inatoa kama kW 2.3, ni usiku kucha na zaidi). Mita ikasoma sabini na kitu. Sabini! Muuzaji akafurahi akidhani ni sifa, ananiambia unaona boss, betri inabeba kuliko hata ya kiwandani. Nikazunguka nyuma ya ofisi, nikakuta pampu ya kuoshea magari inanguruma, imefungwa kwenye mita hiyo hiyo, na vijana wameosha magari siku nzima.

Hapo nikaenda zangu Luthuli Avenue, nikanunua kile kimita kidogo cha kuchomeka kwenye soketi, unachomeka chaja juu yake kinakuhesabia yuniti za kitu kimoja tu. Bei ya chakula cha mchana cha watu wawili. Lakini ujanja wenyewe uko kwenye Atto 3, kwa sababu betri yake ni ya aina inayoitwa LFP, na LFP asilimia inayoonyesha kwenye skrini inaweza kukudanganya kama gari imekaa siku nyingi bila kujazwa pomoni. Nikamwambia muuzaji wa pili, ijaze mpaka 100, wape vijana wako wazunguke nayo kwenye shughuli zenu mpaka ishuke thelathini, ndio nije. Akanung'unika weee, lakini akakubali. Kutoka 30 mpaka 100 nilitarajia arobaini na saba hivi ukutani. Kimita kikasoma arobaini na saba na nukta. Nilitamani kukibusu.

Na ni hiyo LFP iliyomaliza ubishi. ID.4 ile ina betri ya aina nyingine, NMC, na kwa matumizi ya kila siku unashauriwa uichaji mpaka 80% ili isichoke haraka. Sasa piga hesabu, 80% ya 77 ni kama 61. Atto 3 inajazwa mpaka 100 bila wasiwasi, tena inashauriwa uijaze hivyo mara kwa mara, na 100 yake ni 60. Yaani asubuhi nikitoka Kitengela, betri kubwa na betri ndogo ni zile zile! Shemeji nilipomwonyesha kwenye kikokotoo alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Haya, na Mombasa?"

Mombasa ni hivi. Barabara ni kama kilomita 480, na kurudi unapanda kutoka baharini mpaka zaidi ya mita 1,600. Kupanda peke yake, achilia mbali mwendo, kunakula yuniti tisa kumi kwa gari yenye familia ndani. ID.4 nayo hiyo safari haimalizi bila kuchaji. Kwa hivyo zote zinasimama, mimi nikishuka nasimama mara moja, nikipanda mara mbili, na watoto wangesimama tu hata gari ingekuwa ya dizeli. Ni kweli ID.4 inapokea chaji kwa kasi zaidi, kW 125 na kuendelea, Atto 3 mwisho 88, lakini chaja nilizokutana nazo njiani hata hiyo 88 hazifiki.

ID.4 ina raha yake sikatai. Buti lita 543 dhidi ya 440, na barabara ndefu imetulia zaidi. Ila vioo vinne vya milango una swichi mbili tu, ukitaka cha nyuma uguse kwanza neno REAR, na mimi foleni ya Mlolongo vumbi linaingia nataka kufunga sasa hivi.

Mama watoto yeye alishachagua tangu aliposikia Atto 3 inatoa umeme. Stima ikipotea unachomeka kiunganishi kwenye tundu la gari, friji, taa na waifai zinaendelea usiku mzima. Kiunganishi mara nyingi hakiji na gari, kiulizie kabla hujalipa.

Kuchaji nyumbani nimevuta waya wake peke yake kutoka kwenye bodi na kufunga chaja ya kW 7, elfu themanini na kitu pamoja na fundi. Usichaji kila siku kwa soketi ya kawaida ya jikoni, iguse baada ya saa mbili utanielewa. Tokeni inacheza kati ya ishirini na kitu na thelathini kwa yuniti, kilomita mia ni kama shilingi mia nne na ushee, petroli ilikuwa inanila zaidi ya elfu na nusu. Kuna ile bei ya stima ya magari ya umeme iliyoanza 2023, shilingi 16 na usiku 8 kabla ya makodi, ila inataka mita yake, bado nafuatilia.

Tairi ya spea hii Atto 3 niliyochukua haina, inakuja na dawa ya kuziba tu, na Tsavo usiku dawa haitoshi. Nimenunua tairi kamili na rimu yake, inalala kwenye buti safari za mbali, kwa hivyo mizigo ya Idi inapanda kerea.