Shangazi kamuulizia mmoja

Leo nimemsindikiza shangazi kliniki kuchukua imatinibu, vidonge vyake vya saratani ya damu.

Foleni ilikuwa ndefu, nikaingia mtandaoni kumsoma Brian Druker wa Oregon, Marekani, mmoja wa waliohangaikia dawa hiyo. Makala yake ya 2001 watafiti wenzake wameinukuu mara maelfu.

Shangazi wala hakushtuka. Maelfu ya wasomi yamsaidie nini?

Nikamsomea matokeo: kati ya wagonjwa 54 waliopewa miligramu 300 au zaidi kwa siku, 53 chembe zao za damu zilirudi kawaida.

Hapo akanishika mkono.

"Na yule mmoja, mwanangu?"

Muhtasari haukusema.

Mpaka tunapanda daladala bado anamuulizia.

Nyie mngemjibuje?