Maggie Hakusahau kwa Hiari Yake

Zamu yangu huanza saa mbili usiku. Mama ninayemhudumia hapa Ohio alivunjika nyonga mwaka jana, na kati ya dawa za saa tatu na usingizi wake unaochelewa tunatazama Dark Shadows, tamthilia ya zamani ya televisheni ya Marekani. Mwaka 1967 alikuwa na miaka kumi. Anasema kengele ya shule ikilia walikuwa wakikimbia na mabegi mgongoni ili wasipitwe na Barnabas, mnyonya damu wa tamthilia hiyo.

Mimi nimekulia Tanga. Mnyonya damu niliyemjua utotoni ni mumiani, na mumiani hana sura. Bibi alikuwa akitutisha kwamba tukichelewa kurudi kutoka dukani atatubeba. Hakuwa na jina, wala ukoo, wala mchumba aliyemlilia. Alitaka damu tu. Ndiyo maana Barnabas Collins alinichanganya tangu siku ya kwanza, kwa kuwa yeye anabisha hodi.

Ilikuwa Aprili 1967, picha bado ni nyeusi na nyeupe. Mzururaji mmoja mwenye tamaa, Willie Loomis, anaingia kwenye makaburi ya ukoo wa Collins kutafuta vito. Anakuta jeneza limefungwa minyororo, anaikata, anafungua, na mkono unatoka ndani kumkaba koo. Kipindi kinaishia hapo. Kisha mgeni anatokea mlangoni Collinwood, jumba la ukoo huo katika jimbo la Maine: koti lenye joho fupi mabegani, bakora yenye kichwa cha mbwa mwitu, pete ya kito kikubwa cheusi kidoleni. Anasema yeye ni binamu kutoka Uingereza. Anaongea polepole, kwa adabu zote, na mwenye nyumba anamwambia karibu.

Jonathan Frid, aliyemwigiza, alikuwa Mkanada kutoka mji wa Hamilton, mtu wa jukwaani mwenye miaka 42. Si kijana, na wala uso wake si wa kubandikwa ukutani na wasichana, lakini waliubandika. Alichukuliwa kwa muda mfupi, mhusika wake achomwe kigingi moyoni na mambo yaishe. Barua za watazamaji zikamwokoa, akabaki mpaka kipindi kilipofungwa Aprili 1971, baada ya sehemu 1,225. Walirekodi kwa haraka, siku tano kwa wiki, na makosa mengi yaliachwa yaende hewani. Frid alihangaika na maneno yake. Unamwona anasita, jicho linakwenda pembeni kuyatafuta yalipoandikwa, kisha linarudi limejaa hofu. Mimi naamini hofu ile ndiyo iliyotushika. Ilionekana kama majuto ya mtu mwenye njaa anayeionea aibu njaa yake. Mama husema, "Mtazame, anaumia." Na kweli ameumia.

Filamu ya saa mbili haiwezi kukufanyia hivi. Mtu anayekuja sebuleni kwako nusu saa kila alasiri, mwezi hadi mwezi, unamzoea. Unaijua sauti yake kabla hujamwona. Tamthilia ilipoturudisha mwaka 1795 na kutuonyesha Angelique, mjakazi kutoka Martinique, akimlaani Barnabas awe mnyonya damu kwa kuwa alimpenda Josette badala yake, watazamaji walikuwa tayari kumlilia. Hata mimi nililia, Josette alipojirusha kutoka kwenye jabali.

Lakini kabla ya hayo yote kulikuwa na Maggie Evans.

Maggie, aliyechezwa na Kathryn Leigh Scott, ni mhudumu wa mgahawa katika mji wa Collinsport, binti wa mchoraji mlevi ambaye yeye ndiye anamtunza. Barnabas anaona sura ya Josette usoni mwake. Anamnyonya damu, anamwiba, anamvika gauni la harusi la marehemu, anamwekea kisanduku cha muziki na kumwambia jina lake si Maggie tena. Anapokataa, anafungiwa chumba cha chini ya nyumba, chenye nondo. Anayemsaidia kutoroka ni mzimu wa mtoto Sarah, dada yake Barnabas mwenyewe. Anatoka akiwa hai, ila akili zimevurugika.

Daktari anayemtibu, Julia Hoffman, anamgundua Barnabas ni nini, na badala ya kumfichua anataka kumponya. Maggie anapokaribia kukumbuka, Julia anachukua kidani chake, anakiyumbisha mbele ya macho yake, na kuufuta ukweli kichwani mwake. Utasema alimwokoa, maana Barnabas alikuwa tayari kumuua. Sawa. Lakini aliyefungiwa ndiye aliyenyang'anywa kumbukumbu, na aliyemfungia akaendelea kualikwa sebuleni. Nilisimamisha kipindi pale nikaenda jikoni kuchemsha maji, nimekasirika hasa, kama mtu aliyeona jambo hilo likitendwa kwenye nyumba ya jirani.

Nimefanya kazi hii ya kulea wagonjwa miaka tisa. Wanawake wameniambia usiku mambo ambayo familia zao ziliamua hayakutokea, kwa sababu aliyewatendea alikuwa mtu mzuri, mwenye adabu, kipenzi cha wote.

Wiki iliyopita nilimuuliza Mama kama anamkumbuka Maggie. Kichwa chake ni kizima, anakumbuka hata jina la mbwa wa mwalimu wake. "Yule wa mgahawa," akasema. "Baadaye alikuja kulea watoto Collinwood." Nikamuuliza kuhusu chumba cha chini. Akanyamaza. Akasema hapana, hakumbuki chumba chochote.

Nikarudisha nyuma mpaka sehemu zile. Tukatazama tatu mfululizo, usiku ukaenda. Maggie alipozishika nondo kwa mikono miwili, Mama alinyoosha mkono akaomba miwani yake.