Daftari la pembeni lilivyonifundisha kusikiliza

Tasnifu yangu ya uzamili ilihusu watu wazima waliorudi darasani baada ya kuacha shule utotoni. Msimamizi alinitaka niwe na daftari la pembeni la kuandika ninachojifunza kila siku. Niliona ni mzigo. Miezi miwili ya kwanza nilijaza orodha za kazi tu: nimesoma makala tatu, nimerekebisha mwongozo wa maswali, nimeandaa fomu za ridhaa.

Mambo yalibadilika nilipoanza kugeuza rekodi za mahojiano kuwa maandishi. Saa moja ya sauti ilinichukua saa tano au sita, na kila sentensi niliisikiliza mara mbili tatu. Katika mahojiano ya nne nilimuuliza mama mmoja kwa nini aliacha shule. "Nyumbani palikuwa na..." akasema, kisha akanyamaza. Sekunde tatu hivi. Halafu inasikika sauti yangu: "Ada ilikosekana?" Naye akajibu, "Ndiyo, ada." Ile ndiyo yake niliirudia hadi nikaikariri. Ilikuwa ya mtu anayekubali ili yaishe.

Usiku ule niliandika kurasa tatu. Nilifuata hatua sita za kutafakari tukio za Graham Gibbs za mwaka 1988 tulizofundishwa: kueleza tukio, hisia, tathmini, uchambuzi, hitimisho na mpango wa kuchukua hatua. Wenzangu wengi waliruka ile ya hisia wakiona si ya kitaaluma. Mimi ndiyo iliyonifumbua macho. Nilipojiuliza kwa nini nilimkatiza, niligundua kwamba naogopa kimya. Tena mapitio yangu ya maandiko yalikuwa yameshatangaza umaskini kuwa sababu kuu, basi nikawa nautafuta kinywani mwa kila niliyemhoji.

Nilirudi kwenye rekodi zote nne nikapiga mstari mwekundu kila mahali nilipomlisha mtu jibu. Mistari kumi na mmoja. Nilimpelekea msimamizi nikijua ataniambia nianze upya. Alisoma, akasema, "Haya yaingie kwenye sura ya mbinu za utafiti. Usiyafiche." Aya ile ndiyo ninayoiamini kuliko zote nilizoandika.

Mahojiano yaliyobaki nilijiwekea sharti: mtu akinyamaza, nahesabu kumi moyoni. Mwanzoni viganja vililowa jasho. Lakini watu walianza kuzungumza mambo ambayo mwongozo wangu haukuwa na swali lake, aibu ya kukaa darasani na watoto wadogo, kwa mfano.

Yule mama nilimwomba tuonane tena, akakubali. Nilimweleza waziwazi kwamba mara ya kwanza nilimkatiza. Akacheka, "Mwanangu, hata sikumbuki." Nikauliza swali lilelile, nikanyamaza. Nilifika saba. "Nyumbani palikuwa na mgonjwa," akasema. "Bibi yangu. Nilimuuguza miaka minne." Nilifuta neno ada pembeni ya jina lake la msimbo, nikaanza kuipanga upya sura ya nne.