Chuma cha mapajani au cha mabegani: kinachoamua utamu wa rolakosta

Mtu akishuka kwenye rolakosta, ile treni ya burudani inayopanda na kuporomoka kwa kasi kwenye reli, huku ameshika sikio, au akitembea kama aliyechapwa mapajani, lawama zote huziangushia reli. Reli ina makosa yake, hasa ikizeeka, lakini mara nyingi kilichomuumiza ni chuma kilichomshikilia kitini. Reli ileile, kwa mwendo uleule, huwa starehe au adhabu kutegemea mwili umeshikwa wapi. Kwangu mimi jibu ni moja: ushikwe kwenye mapaja na nyonga. Mabega, shingo na kichwa viachwe huru.

Ushahidi mzuri kuliko wote uko California, kwenye bustani ya burudani ya Six Flags Magic Mountain. Revolution ilifunguliwa hapo mwaka 1976, kazi ya Mjerumani Anton Schwarzkopf, ikiwa rolakosta ya kwanza ya kisasa yenye kitanzi cha wima, kile kinachomzungusha abiria kichwa chini miguu juu. Abiria walishikwa kwa chuma cha mapajani tu, na kwa miaka mingi walipinduliwa hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 treni zikawekewa vyuma vya mabegani, na rolakosta iliyosifiwa kwa ulaini ikaanza kulaumiwa kwa kugonga watu vichwa. Mwaka 2016, ilipotimiza miaka 40, ikapewa treni mpya zenye chuma cha mapajani, na sifa zake zikarudi. Kitanzi ni kilekile cha 1976.

Wengi huuliza abiria wa zamani walibakije vitini bila chuma cha mabegani. Kitanzi kile si duara kamili. Mhandisi Werner Stengel aliichora kona yake iwe pana chini na ibane juu, kama tone la maji lililopinduliwa. Treni ikifika kileleni mwendo umepungua, lakini kona imebana zaidi, kwa hiyo mwili bado unasukumwa kuelekea kwenye kiti hata kichwa kikiwa chini. Kinachokubakiza pale juu ni umbo la reli. Chuma kinangojea yale mengine: kuanza kwa kishindo, breki, vilima vinavyokurusha, na siku treni ikisimama mahali isipotakiwa.

Chuma cha mabegani kilizoeleka kupitia Corkscrew, iliyojengwa na kampuni ya Arrow na kufunguliwa mwaka 1975 Knott's Berry Farm, pia California. Muundo huo uliuzwa bustani nyingi, na ikawa desturi kwamba treni yoyote inayopindua watu lazima iwe na vyuma vya mabegani. Desturi hiyo ilidumu muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Tazama kinachotokea kwa karibu. Chuma hicho ni bomba lililofunikwa sponji ngumu au mpira, linalotoka nyuma ya kichwa na kupita juu ya kila bega hadi kifuani. Masikio yanakaa sentimita chache tu kutoka kwenye kuta zake mbili. Treni ikilala ghafla upande mmoja, kiti kinahama pamoja na behewa lakini kichwa, kwa uzito wake, kinachelewa kufuata. Chuma ndicho kinachokifuata kichwa na kukigonga. Kona ikigeuka upande wa pili, sikio la pili linapata zamu yake. Magurudumu yakiwa yamelika na kupwaya kwenye reli, kila mtikisiko mdogo unageuka kuwa pigo. Mtu mfupi anateseka zaidi kwa sababu sehemu ngumu ya bomba inakaa usawa wa taya na sikio. Mtu mrefu, kwa upande wake, hubanwa mabega na mifupa ya mitulinga hadi anashindwa kukaa wima. Aliyeshikwa mapajani, kichwa chake kinayumba vilevile, ila hakuna kitu pembeni cha kukigonga.

Mfano unaotajwa sana ni zile rolakosta za kuning'inia za kampuni ya Vekoma ya Uholanzi, ambazo ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1994 Walibi Holland. Nakala zake zimesambaa duniani, na kugonga masikio kumekuwa kama jina lake la pili. Siku hizi Vekoma inauza treni zenye vizibao laini badala ya yale mabomba, na bustani zilizozinunua zimeifufua reli ileile. Kings Dominion, jimbo la Virginia, hawakungoja hata msimu uishe: rolakosta waliyoifungua mwaka 2010 kwa jina la Intimidator 305 ilibadilishiwa vyuma vya mabegani ikapewa mikanda laini mwaka huohuo.

Kizibao ni nafuu, lakini si dawa ya kila kitu. Kampuni ya B&M ya Uswisi hukitumia kwenye rolakosta za mabawa, zile ambazo viti viko nje ya reli upande wa kulia na wa kushoto; ya kwanza ni Raptor ya Gardaland, Italia, mwaka 2011. Masikio yanapona kabisa. Tatizo ni kwamba kizibao hushuka kidogokidogo safari ikiendelea, na kwa mtu mwenye kiwiliwili kirefu kinageuka mzigo mabegani kabla ya breki za mwisho.

Ndiyo maana nawapenda waliothubutu kuachana na mabega kabisa. Blue Fire ya Europa-Park, Ujerumani, kazi ya Mack Rides ya mwaka 2009, inakwenda kilomita 100 kwa saa na kupindua watu mara 4, na chuma chake ni cha mapajani tu. Msomaji aliye Dubai anaweza kukijaribu kitu cha ukoo huohuo: The Velociraptor iliyo IMG Worlds of Adventure nayo ni ya Mack. Ukiipanda, angalia jinsi unavyoweza kugeuza kichwa na kuona unakokwenda. Nusu ya raha ya rolakosta iko hapo.

Hata hivyo chuma cha mapajani nacho kina mabaya yake, na mengi yanatokana na jinsi kinavyojifunga. Kuna aina mbili. Ya kwanza ni ya meno: ulimi wa chuma unaruka jino hadi jino, ndiyo ile ta-ta-ta unayoisikia ukikivuta. Kinajifunga kwenye jino tu, kwa hiyo huenda jino moja likapwaya na linalofuata likabana. Ya pili ni ya haidroliki: silinda yenye mafuta, na vali inayoruhusu mafuta kupita upande mmoja tu. Hii inajifunga mahali popote, na kwa kawaida kila kiti kina silinda mbili ili moja ikifa nyingine ishike. Vali hujifunga yenyewe, na ili ifunguke lazima iamriwe. Umeme ukikatika, chuma kinabaki kimefungwa.

Aina zote mbili zina tabia moja: zinashuka, hazipandi. Ukiingia bondeni kwa kasi mwili unaelemewa, mapaja yanazama kwenye sponji ya kiti, na chuma kinashuka kufuata nafasi hiyo. Sponji ikirudi juu, chuma hakirudi. Baada ya vilima vitatu vinne mtu aliyeanza vizuri anajikuta amebanwa hadi ganzi. Skyrush ya Hersheypark, Pennsylvania, iliyofunguliwa mwaka 2012, ilijipatia jina baya kwa hilo hasa: reli yake inarusha watu kwa nguvu kutoka kitini, na wote wanaangukia chuma chembamba juu ya mapaja.

Hapo ndipo raha na maumivu vinapogawana mpaka mwembamba. Treni inapovuka kilele, kiti kinashuka haraka kuliko mwili, nawe unanyanyuka. Ukiwa na nafasi ya kidole kimoja au viwili kati ya paja na chuma, unaelea. Usipokuwa na nafasi kabisa, husikii kuelea, unasikia mkandamizo tu. Nafasi ikiwa kubwa, paja linachukua kasi kabla ya kukutana na chuma, na hilo ni pigo la kuacha alama. Wapenzi wa rolakosta za mbao wanaisafiria Phoenix ya Knoebels, Pennsylvania, kwa sababu ya chuma chake cha kizamani kinachojifunga mahali pamoja tu, kinachoshikilia watu wawili pamoja na kuacha nafasi tele. Ilijengwa San Antonio, Texas, mwishoni mwa miaka ya 1940, ikahamishwa na kufunguliwa upya mwaka 1985. Vilima vyake vilichorwa kwa chuma kama hicho. Kukiweka kwenye rolakosta ya leo inayorusha watu kwa ukali kungekuwa hatari.

Nikija kwenye hatari, jambo moja lisisitizwe. Kompyuta haiwezi kujua mwili wako uko wapi. Inajua chuma kimefika wapi. Mwaka 2013 abiria alianguka na kufariki kwenye Texas Giant ya Six Flags Over Texas. Ilipofunguliwa tena, vyuma vilikuwa na sponji za umbo jipya na mikanda imeongezwa. Mwaka 2022 huko Orlando, Florida, kijana wa miaka 14 alianguka kutoka kwenye mnara wa kudondosha watu. Chuma chake cha mabegani kilikuwa kimefungwa, lakini kitambuzi cha kiti kilikuwa kimerekebishwa kikubali nafasi kubwa kuliko kawaida, na kiti hakikuwa na mkanda. Kwa hiyo mkanda mfupi unaokukera kwenye treni nyingi una kazi mbili. Ni kinga ya pili, na pia ni kipimo: usipofika kwenye kifungo chake, chuma hakijashuka vya kutosha kwa mwili huo.

Ukikaa, sukuma makalio hadi nyuma kabisa, mgongo uguse kiegemeo, ndipo uvute chuma. Hili ni kubwa kuliko yote. Aliyekaa kwa kulegea, chuma kinamfunga tumboni. Kilima cha kwanza kikimsogeza, tumbo linaumia na mapaja yanabaki na pengo. Chuma kikae pale paja linapoungana na nyonga. Toa simu, funguo na pochi mifukoni, kwa sababu zikikaa chini ya chuma zinachimba paja na kuleta kipimo cha uongo. Nguo nene za baridi zina kasoro hiyohiyo. Kishushe mpaka kiguse bila kuuma, kisha usiendelee kukisukuma kwa hofu. Kama kimebana mno kabla ya kuondoka, mwambie mhudumu akifungue uanze upya, na usione haya.

Kwenye chuma kigumu cha mabegani, vua hereni na miwani. Kaza kichwa nyuma kwenye kiegemeo, au kama nafasi ipo, kiinamishe mbele kidogo masikio yatoke katikati ya zile kuta mbili. Kichwa kilicholegea katikati ndicho kinachopigwa. Chagua kiti cha mbele. Kwenye rolakosta za mbao zenye behewa la safu tatu, kaa safu ya kati. Ya kwanza na ya tatu ziko juu ya magurudumu na mtikisiko wote unapandia hapo.

Wenye mwili mkubwa, tafuteni kiti cha majaribio kinachowekwa mwanzoni mwa foleni na mkae hapo kabla ya kusimama saa nzima juani. Kinachokwamisha mara nyingi ni kifua na upana wa mapaja, wala si kilo, ndiyo maana watu wawili wenye uzito sawa hupata majibu tofauti. Treni nyingi za B&M zenye vyuma vya mabegani zina safu maalumu zenye viti vya mikanda miwili, vilivyotengenezwa kwa vifua vipana. Mhudumu anazijua safu hizo kwa namba, basi muulize ukiwa bado kwenye foleni ili akupange huko moja kwa moja.